Kola Iliyogeuzwa

Ukutani mwa chumba cha kufulia, juu kidogo ya meza ya kupigia pasi, palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyeusi: LETE NGUO KAMA ILIVYO. UKIANZA KUIFUA NYUMBANI, DOA USINIULIZE. Aliyekiandika ni dobi mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na ushei ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Madoa, na hakukiandika kwa ajili ya pambo. Alikuwa amechoka na wateja wenye haya. Mtu anajimwagia mchuzi kifuani, anaona aibu kumpelekea dobi, anajitia ufundi nyumbani kwa maji ya moto, doa linajifunga kwenye uzi, ndipo anakuja na uso wa kufiwa. "Kama mngeweza wenyewe, mimi ningekuwa nauza karanga," aliwaambia, nao walicheka, maana alikuwa na ulimi lakini hakuwa na roho mbaya.

Kila mteja wake alikuwa na alama. Si karatasi, kwa kuwa karatasi hulowa. Alama za Mama Madoa zilikuwa za uzi, zimeshonwa ndani ya kola au ndani ya mkanda wa kiuno, mahali asipopatazama mtu: mwalimu vishono viwili vyekundu, mfamasia kimoja cha bluu, fundi saa vitano vyeusi kwa sababu alikuwa mtu wa maneno mengi. Daftari hakuwa nalo. Zote zilikaa kichwani, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumpa mtu nguo isiyo yake.

Kwa hiyo Jumanne ile, saa nne asubuhi, jua limeshika ua mzima, alipofungua furushi la mke wa Shwari, mteja wake wa kila Jumanne, akakuta shati jeupe la kiume katikati ya sare za shule, hakuhitaji kuuliza ni la nani. Aligeuza kola akaona vishono vitatu vya kijani. Alama hiyo aliwahi kumpa mtu mmoja tu, mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, na mdogo wake alikuwa wiki ya tano kaburini, amevaa shati hilohilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyelipiga pasi. Yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga vifungo, kuanzia cha chini mpaka cha shingoni.

Alipindua ndoo akaikalia.

Alijaribu kujidanganya kidogo, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Mashati meupe yako mengi. Lakini kifungo cha tatu kilikuwa na umanjano zaidi kidogo kuliko vingine, na kifungo hicho alikishona yeye. Alilinusa. Lilikuwa na harufu ya pasi, na chini ya harufu ya pasi, harufu ya udongo uliochimbwa karibuni. Doa halikuwepo hata moja. Kitu pekee kilichokuwa na kasoro ni kola: kwenye ncha ya kushoto, pale mshono ulipopita, vishono vitatu vilikuwa vimeachia.

Mshono ule aliujua. Na hapo ndipo lazima turudi nyuma miaka tisa, kwani shati hili halieleweki bila siku ile.

Mdogo wake alikuwa mpima mbao kwenye ghala moja kubwa. Alikuwa mpole, ila alikuwa na kidonda kimoja: mama yao. Mama alikufa yeye akiwa anatambaa, dada ndiye aliyemlea, na mtu akimgusa hapo anageuka mtu mwingine. Jioni moja, watu wamekwisha kutawanyika, karani wa ghala alimtupia tusi la mama. Mpima mbao alikuwa na ubao mkononi. Alipiga mara moja tu. Karani aliangukia ukingo wa meza ya msumeno na hakuinuka tena. Mpigaji akatimua mbio, akaruka ukuta wa nyuma, akaenda kwa dada yake, maana ndiko alikokimbilia tangu akiwa mtoto.

Aliyesikia kishindo ni mlinzi wa getini. Mlinzi huyu watu walimwita Shwari kwa sababu ukimsalimia asubuhi, mchana, kwenye mvua au kwenye msiba, jibu lake lilikuwa hilo. Alikimbia ndani, akapiga magoti, akainua kichwa cha karani ili asikie kama bado anapumua. Hivyo ndivyo walivyomkuta, mikono imejaa damu, na ghalani hakuna mtu mwingine. Alieleza ukweli mpaka sauti ikamkauka. Alifungwa maisha.

Wakati huo Mama Madoa alikuwa anafua. Hakumuuliza mdogo wake kitu, alimvua shati tu. Damu hutolewa kwa maji baridi na chumvi, mtoto wa dobi wa miaka saba anajua hilo, na kifuani na mikononi ilitoka yote. Lakini palipobaki doa moja kwenye ncha ya kola, haraka ilimzidi, akachota maji yaliyokuwa yanachemka kwenye sufuria ya wanga, akayamwaga. Kosa ambalo amewasimanga wateja kwalo maisha yake yote akalifanya yeye. Damu ikajifunga, ikawa kahawia, ikakataa. Akakaa chini na wembe, akaifumua kola, akaigeuza ya ndani ikawa nje, akaishona upya kwa mishono midogo ambayo hata fundi cherehani asingeiona. Doa halikutoka, liligeuzwa tu. Mdogo wake alilivaa shati hilo kwenye maziko ya karani, likiwa jeupe pe, akasimama mstari wa mbele.

Baada ya hapo hawakulizungumza kamwe. Mpima mbao akawa mtu mwema kupita kiasi, wa kuchimba makaburi ya watu na kubeba wagonjwa mgongoni. Na Mama Madoa akamfuata mke wa Shwari, akamwambia, "Mdogo wangu, nguo za watoto wako niletee mimi. Bure. Mpaka wamalize shule." Mke wa Shwari alilia akamshika mikono. Mtaa ukasema yule dobi ana moyo. Yeye aliposikia hivyo alikuwa analala vizuri siku mbili, tatu.

Sasa shati lilikuwa limerudi, na limerudi ndani ya furushi la mwanamke huyohuyo.

Alivishona upya vile vishono vitatu vilivyoachia, akalificha shati uvunguni mwa kitanda. Jumamosi mke wa Shwari alichukua nguo zake safi akaenda. Uvunguni pakawa patupu. Jumanne akaleta furushi, na shati likawa ndani yake, limekunjwa kwa mkunjo wa Mama Madoa mwenyewe, mikono nyuma na kola juu. Safari hii vishono vilivyoachia vilikuwa saba.

Jumanne ya tatu lilipokuja tena alilitia jikoni kwenye makaa. Lilishika moto taratibu, bila moshi, akakaa akilitazama mpaka likawa jivu, akalimwaga jivu shimoni. Jumanne ya nne likaja. Halikuwa na alama ya moto popote. Mshono ulikuwa umefumuka urefu wa kidole, na ukiingiza ukucha ungeweza kuona ndani, pembeni kabisa, weusi kidogo.

Kumuuliza mke wa Shwari hakuthubutu. Angemuulizaje? "Mwenzangu, shati la marehemu mdogo wangu umelitoa wapi?" Na akijibu? Kwa hiyo kila wiki alishona, na kila wiki alishona zaidi, na uzi wa kijani ukawa unamkodolea macho kutoka ndani ya kola. Alipolianika, nguo nyingine zote kambani zilipepea upande wa upepo. Lenyewe lilitulia, kola imeelekea mlango wa jikoni. Alibandua vibanio akaligeuza liangalie ukuta. Aliporudi na ndoo ya pili lilikuwa linatazama mlango. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Mama Madoa, aliyezoea kuwatania wateja kwa msemo huo, sasa hakuona kichekesho chake.

Siku ya Ijumaa akaja wifi yake, mjane wa mdogo wake, na kapu la kanzu nyeupe. Wifi huyu alikuwa fundi cherehani na ndiye aliyetunza kanzu za ubatizo za kanisa lao. Jumapili ya wiki iliyofuata watu kumi na wawili wangezamishwa majini. Mama Madoa alihesabu kanzu zikawa kumi na tatu.

"Hii ndefu ya nani?"

"Yako. Nimeshona kwa kipimo cha macho. Ikikubana kiunoni, ni wewe umenenepa."

"Wifi, tumeshaongea."

"Tumeongea wapi? Wewe huwa unaropoka, mimi nasikiliza. Leo ropoka nami nijibu."

Mama Madoa alicheka, na akashangaa kujisikia anacheka. Alianza kutumbukiza kanzu kwenye beseni moja moja. "Haya. Watu wa kanisani kwenu nawafulia wote. Najua ya ndani. Yule mzee wa kanisa anayefumba macho wakati wa kuimba, kola yake huja na rangi ya mdomo, na mkewe hapaki."

"Nikija hapa kwako nikakuta rundo la nguo chafu, nitasema dobi hafai?"

"Mh. Haya, na mimi mnataka niokolewe na nini? Siibi, sigombani na mtu, sisengenyi..."

"Husengenyi?"

"Sisengenyi sana. Na mke wa Shwari namfulia bure, mwaka wa tisa huu. Mungu haoni?"

"Anaona. Wema ni mzuri wifi yangu, ila wema si sabuni. Hauingii pale palipochafuka. Unapita juu tu."

Mama Madoa aliikamua kanzu kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Basi nitaokoka nikizeeka."

"Uzee unao. Unasubiri nini, mvi za kwenye nyusi?"

Hapo kicheko kilimwisha. Alijifuta mikono kwenye kanga, akasema bila kumtazama, "Ngoja nikwambie kinachonikera kwelikweli. Mnasema mmoja asiye na kosa alibeba makosa ya watu, halafu mnapiga makofi. Mimi sioni cha kupigia makofi. Mtu asiye na kosa akibeba la mwingine, nimemwona. Nimeona mke wake anavyokonda. Nimeona watoto wake wanavyokua bila yeye. Hapo hapana wokovu, pana uonevu mtupu, na aliyetenda anakula na kulala. Mungu gani anapenda jambo kama hilo?"

Wifi alikuwa ameshika kanzu mbili, akaziweka chini. "Umemwona nani?"

"Nasema tu."

"Sawa." Alimtazama kidogo. "Huyo unayemsema tu, alibebeshwa. Walimtwika wengine, naye hakutaka. Yesu hakubebeshwa. Aliinama mwenyewe akachukua, huku akijua uzito wake na akijua ni mzigo wa nani. Mambo hayo mawili usiyachanganye."

"Na mwenye mzigo akaachiwa aende zake akajifiche vizuri."

"La. Akaachiwa ili aache kujificha. Kama anaendelea kujificha, basi hajaamini kwamba mzigo umechukuliwa. Bado anao yeye."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kanzu. Mama Madoa alitaka kuyasema yote, kuanzia ubao hadi sufuria ya wanga. Badala yake akasema, "Nitakuja. Lakini kuna vitu vyangu kwanza nivisafishe. Nikishajitakasa, nitakuja mwenyewe bila kuitwa."

Wifi aliangua kicheko, cha kweli, mpaka akashika meza. Akaelekeza kidole ukutani. "Soma kibao chako!"

Mama Madoa hakukisoma. Alikuwa anakijua.

Wifi alipokuwa anaondoka, alisimama mlangoni kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo. "Unajua marehemu alinisumbua sana zile siku mbili za mwisho? Mchungaji alikuja, akamuombea, akasema amini tu, naye akawa analia anashika shingo. Hana hata shati, yuko kifua wazi, lakini anashika shingo hivi, pembeni. Anasema, mwambieni dada aifumue. Mwambieni dada aifumue. Nikauliza aifumue nini, pumzi hana. Nikadhani ni homa." Alitikisa kichwa. "Shati alilotaka kuzikwa nalo mlilitoa kwenye sanduku la chini kabisa. Sijawahi kumwona nalo tangu maziko ya yule karani. Haya, kanzu nitafuata Jumanne."

Sikwambii alilala vipi. Inatosha kusema kwamba asubuhi alimkuta paka amekaa juu ya meza ya pasi akiangalia uvunguni mwa kitanda kupitia mlango uliokuwa wazi, na hakushuka hata alipofukuzwa kwa ufagio. Kilichomtesa Mama Madoa sasa haikuwa hofu ya mzimu. Mzimu ungekuwa afadhali. Kilichomtesa ni kwamba mdogo wake alitaka kusema, ulimi ukamshinda, akamwachia yeye. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu anayejua kwamba Shwari hakuua, na mtu huyo alikuwa anafua kanzu.

Jumanne ikafika. Wifi alikuja mapema, wakawa wanazikunja kanzu pamoja mezani, zote kumi na tatu, ile ndefu juu kabisa. Mama Madoa masikio yalikuwa nje. Furushi lilipotuliwa kizingitini, moyo ulimpiga mpaka akasikia kwenye meno.

"Hodi," alisema mke wa Shwari. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, anayejifunga kitambaa kichwani kwa kukaza sana. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu, mdogo wangu."

Mama Madoa alilifungua furushi palepale, vidole vikihangaika na fundo. Sare, sketi, shuka, soksi. Alifika chini. Alirudia tena kuanzia juu. Shati halikuwemo.

Raha iliyomshika aliionea haya hata yeye. Limekwisha. Mdogo wangu amekwenda zake, amepumzika, shauri limekwisha. Lakini nyuma ya raha hiyo kulikuwa na ubaridi wa ajabu, kama ule wa mtu aliyekuwa anabishiwa hodi siku nyingi, akajifanya hayupo, na leo anasikia hatua zikiondoka.

"Leo sikai," mke wa Shwari alikuwa anasema. "Naenda gerezani, nimeruhusiwa kumwona. Anakohoa, dada. Wameniambia kifua kimeharibika, nisichelewe. Kule wanalala sakafuni, baridi tupu. Nilikuwa sina cha kumpelekea." Aliingiza mkono kwenye mkoba wake. "Kwa hiyo nimechukua hili. Usinikasirikie. Kila Jumamosi nikifungua nguo ulizofua nalikuta limo. Nikasema dada kachanganya, nikawa nakurudishia kila Jumanne, na wewe kila Jumamosi unanirejeshea. Mwisho nikasema labda ndivyo unavyotoa, kimyakimya, mkono wa kushoto usijue. Nikakuombea. Sasa leo nampelekea alivae."

Alilikunjua. Shati jeupe la kiume, kifungo cha tatu kina umanjano. Alilishika mabegani akalipima hewani, akikadiria kifua cha mumewe. "Litamtosha. Amekonda, lakini litamtosha."

Mama Madoa alielewa yote kwa mara moja, na wewe uelewe naye. Akinyamaza, shati linaondoka. Litaingia gerezani, halitatoka tena, na siku chache zijazo litazikwa mara ya pili na mtu wa pili, pamoja na doa lake. Hakuna mtu duniani atakayejua. Hatakiwi kufanya chochote. Anatakiwa tu aseme, "Msalimie." Na Shwari atakufa amevaa shati la muuaji, kama alivyovaa kesi yake.

Alifungua mdomo aseme msalimie.

"Asilivae!" Sauti ilitoka kubwa mpaka wifi akaangusha kanzu. "Asilivae hilo, mdogo wangu, nakuomba. Si lake. Halikuwa lake hata siku moja. Amelivaa miaka tisa na si lake."

"Dada?"

Akamwambia. Alisema vibaya, kwa kurudi nyuma na kurukia mbele, akianzia maji ya moto, kisha tusi, kisha ukuta wa nyuma wa ghala, kisha mdogo wake mlangoni anahema. Alipomtaja aliyepiga, mdogo wangu, mumeo wifi, hakuthubutu kumtazama wifi. Alimtazama mke wa Shwari mpaka mwisho, maana hilo angalau alikuwa anadaiwa kulifanya.

Mke wa Shwari hakupiga kelele. Alikaa polepole kwenye ile ndoo iliyopinduliwa, shati magotini.

"Miaka tisa," alisema, "ulikuwa unanifulia."

"Ndiyo."

"Ukijua."

"Nikijua."

"Kila siku nikipiga magoti nilikuwa nakutaja wewe kwanza. Kabla ya watoto."

Mama Madoa alianza kuteremka magotini. Mke wa Shwari akamnyooshea kiganja. "Usiniombe msamaha. Leo usithubutu. Nikikusikia unaniomba msamaha leo, sijui nitafanya nini."

Aliyesogea ni wifi. Uso wake ulikuwa umezeeka pale pale, lakini alikuwa fundi cherehani na macho yalikwenda yenyewe kwenye kola. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono. "Hii imegeuzwa," alisema kwa sauti isiyo yake. "Nililala na mtu huyu miaka kumi na mitano." Alisimama. Alikwenda kwenye meza ya pasi, Mama Madoa akadhani anachukua pasi ampige nayo, na kweli asingekwepa. Alichukua wembe.

"Fumua, wifi. Ndicho alichotaka."

Mama Madoa aliupokea, akafumua. Haikuchukua muda, uzi uliachia kama uliokuwa unangoja. Kola ikafunguka, na upande uliofichwa miaka tisa ukatazama juu. Doa lilikuwepo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, limekauka, kahawia. Wote watatu waliliona. Nasema hivyo kwa sababu baadaye walikuja watu wenye akili nyingi kuuliza maswali mengi kuhusu kaburi, na kaburi lilikuwa halijaguswa.

Mama Madoa alilitazama kwa jicho la kazi, akashangaa. Miaka yote alidhani ni kubwa.

Alitoka bila kubadilisha nguo, povu bado limemkaukia viwikoni. Mke wa Shwari alitangulia, hatua kumi mbele, hageuki. Mama Madoa alifuata na shati mkononi, hakulikunja, hakulifunga kwenye kanga, kola imening'inia wazi na mtaa mzima unatazama. Mfamasia alitoka dukani. Fundi saa, mtu wa maneno mengi, hakusema neno. Nyuma kabisa alikuja wifi, analia kwa sauti bila kujificha, na juu ya mkono wake, sijui kama mwenyewe alijua, alikuwa amebeba ile kanzu ndefu.

Mama Madoa alijua anaweza asirudi kwenye beseni zake, na alijua huenda mke wa Shwari asimsamehe mpaka kufa, na angekuwa na haki. Hofu ilikuwa palepale. Lakini kitu kimoja hakikuwepo, na ilimchukua urefu wa mtaa mzima kugundua ni kipi: mikononi alikuwa na shati tu. Uzito wa shati moja, kavu, la pamba.

Kituoni palikuwa na kaunta ndefu, na nyuma yake afande kijana mwenye usingizi wa mchana. Aliwaona wanawake watatu, akasikia walichokuja kueleza, akavuta karatasi, akalitazama shati.

"Hili ndilo ushahidi? Mbona hamkulifunga kwenye kitu? Na hii kola ndiyo imekaaje hivi?"

Mama Madoa aliliweka juu ya kaunta, doa likiangalia juu, akaondoa mikono yake.

"Nimelileta kama lilivyo," alisema.